Nani Anahesabu Muziki wa Nakuru? Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hakimiliki

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO),
Nairobi.

Nakala: Gavana wa Kaunti ya Nakuru.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

 Mimi ni prodyuza wa Nakuru. Natengeneza muziki wa kielektroniki kwa kompyuta, mwingi ukiwa hauna hata neno moja la kuimbwa, na pamoja na wenzangu wachache tunaendesha lebo ndogo. Nikisema lebo usifikirie ofisi yenye karani na mlinzi. Ni jina, nembo, na laini ya simu inayopokea M-Pesa. Majirani wanatufahamu zaidi kwa besi ya usiku kuliko kwa kazi tuliyowahi kutoa. Barua hii haiombi ruzuku wala kikao cha kupigwa picha. Inahusu jambo moja lililo mikononi mwa bodi yako: namna muziki unavyohesabiwa kabla pesa yake haijagawanywa.

Njoo jioni yoyote upande matatu ya Kaptembwa, Kiti, Pipeline au Free Area. Muziki unaanza gari likiwa bado linaita abiria na haunyamazi mpaka wa mwisho ashuke. Utasikia amapiano, afro-house, arbantone, na zile remiksi za nyimbo za zamani zilizoshonewa midundo mipya. Dereva hakuupata muziki huo redioni. Aliletewa kwenye flashi na dijei, naye dijei aliupata kwa prodyuza fulani wa mtaani ambaye huenda jina lake halipo hata kwenye faili. Matatu hiyo inatakiwa kulipia leseni ya kupiga muziki, kama inavyotakiwa baa ya Kenyatta Avenue, hoteli ya Naivasha, na kinyozi mwenye spika moja mlangoni. Pesa hiyo inatoka kwetu kila mwaka. Ikishatoka, ni nani anayesema ni ya nani?

Sheria yetu imeugawa muziki mafungu matatu. Mtunzi ana haki yake, anayeimba au kupiga ala ana yake, na mwenye rekodi ana yake. Kwa miaka mingi kila fungu limekuwa na chama chake cha kukusanya mirabaha: watunzi na wachapishaji MCSK, waimbaji na wapigaji PRISK, na wenye rekodi KAMP. Mpango huo ulikuwa na maana enzi za bendi, pale mtunzi alipokuwa mtu mmoja, mpiga gita mwingine, na tajiri aliyelipia studio mwingine kabisa. Kwetu, watu hao wote ni mtu mmoja aliyekaa kwenye bedsita mtaa wa Section 58, kompyuta mezani na sufuria ya chai kando. Ametunga yeye, amepiga yeye, na rekodi ameigharamia yeye, kwa maana ya tokeni za stima na bando la intaneti. Ili adai haki zake zote kwenye wimbo mmoja wa dakika sita, inambidi abishe hodi milango mitatu, ajaze fomu za kila mlango, afuate mgao wa kila mlango. Mwenye wakili na meneja ataweza. Anayetengeneza muziki usiku na kuuza simu mchana atajisajili mlango mmoja, au asijisajili popote.

Wenzangu nao hawakosi lawama. Kuna maprodyuza mjini hapa wanaosambaza kazi kwa jina la faili "final final 2", hawakuandika mtunzi wala mwaka, kisha wanalalamika kwamba wameibiwa. Mali isiyo na jina ni vigumu kuirudisha kwa mwenyewe. Lakini hata aliyeandika kila kitu sawasawa bado hana uhakika, kwa sababu mgao wa mirabaha kwa desturi hufuata orodha za vituo vya redio na televisheni, na redio zetu hazipigi muziki usio na maneno ila chini ya sauti ya mtangazaji anaposoma matokeo ya mpira.

Unakumbuka mwaka 2019, wanamuziki wengi walipopokea mgao wa shilingi 2,530 kila mmoja kutoka MCSK. Nchi nzima ilicheka, wasanii wakalia, na mitandaoni kila mtu akawa mtaalamu wa mirabaha. Hasira nyingi zilihusu udogo wa pesa. Mimi kilichonishtua ni usawa wake. Msanii anayepigwa nchi nzima kupata sawa na asiyepigwa popote kunaonyesha kwamba kwa fungu lile hapakuwa na orodha ya kugawia, ikabidi kilichopo kikatwe vipande vinavyolingana. Baadhi ya wenzangu waliziona 2,530 hizo kuwa bahati. Siwalaumu, ila ile ilikuwa sadaka iliyopewa jina la malipo.

Bodi yako haikukaa kimya miaka hiyo. Mwaka 2017 mliinyima MCSK leseni mkakipa chama cha MPAKE, mambo yakaishia mahakamani. Agosti 2021 mlivifutia leseni vyama vyote vitatu. Tangu hapo leseni zimetolewa, zimepingwa, na mawakili wamekula. Sina nia ya kuingia katika ugomvi wa nani anastahili kukusanya. Naona tu kwamba muda wote huo mjadala umekuwa juu ya nani ashike kikapu, na mara chache umekuwa juu ya kujua kilichomo ni cha nani. Akipewa leseni malaika, bila orodha ya kilichopigwa atagawa kwa kukisia vilevile.

Bonde la Ufa liliwahi kuwa na lebo ndogo iliyojua hesabu zake. Panda barabara ya Molo uende mpaka Kericho, mji wa chai. Huko familia ya Chandarana ilikuwa na duka la muziki lililorekodi na kutoa santuri za benga na za wanamuziki wa Kalenjin, katika miaka ambayo wengi waliamini muziki hauwezi kutoka popote ila Nairobi. Mwenye duka hakuhitaji takwimu za mtu. Santuri ziliuzwa juu ya kaunta yake, akaona mwenyewe ni ipi imeisha na ipi imelala. Tusiipambe enzi hiyo kupita kiasi, kwa maana wanamuziki wengi waliuza nyimbo kwa malipo ya mara moja wakaondoka na nauli. Lakini idadi ilikuwepo, na ilikuwa pale mjini. Zilipokuja kaseti na wanakili wake, ikapotea. Haijarudi mpaka leo, ingawa sasa kila kitu kinapita kwenye kompyuta ambazo kazi yake ni kuhesabu.

Mtatuambia twende mtandaoni. Tumeenda. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haupati kitu. Muziki wa aina yetu huishi kwa wasikilizaji wachache wenye mapenzi makubwa, na kanuni hiyo inawafuta wachache hao. Bandcamp ina utu zaidi. Inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, kwa hiyo albamu ya dola 7 inakuachia dola 5 na senti 95 kabla ya makato ya kupokea malipo, na uzitoe PayPal uzilete M-Pesa, safari yenye makato yake. Wanunuzi wengi wako Berlin, London au Tokyo. Hapa nyumbani mtu wa kawaida hana kadi ya kulipia dola, na hata angekuwa nayo, wimbo huo ameshausikia bure kwenye matatu. Skiza nayo, ile milio anayosikia mtu anayekupigia simu, inamfaa mwimbaji. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yalimwekea msanii si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo, nasi tuliyashangilia pamoja na wengine. Ila hakuna anayempigia rafiki yake simu akitaka kusikia sinthesaiza ikijengeka polepole kwa dakika nne kabla ngoma haijaingia.

Serikali, kwa upande wake, ilijua jinsi ya kutupata ilipotaka. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali. Pa kulipa tunaonekana vizuri sana.

Basi vijana wetu wanakwenda wanakohesabiwa. Prodyuza Slikback alitoa kazi yake ya kwanza, Lasakaneku, mwaka 2018 kupitia Hakuna Kulala, lebo ya Kampala iliyo chini ya watu wa tamasha la Nyege Nyege. KMRU alitoa albamu ya Peel mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Vienna, akaenda kusoma na kuishi Berlin. Huyu KMRU ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, na ndiye amekuwa akiziweka nyimbo za babu yake Bandcamp ili zipatikane kwa njia halali. Fikiria hilo: urithi wa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa nchi hii unatunzwa na mjukuu, kupitia kampuni ya Marekani. Sina kinyongo na Kampala wala Vienna. Wao walifungua mlango. Lakini lebo ndogo ya Nakuru haiwezi kumshikilia msanii kwa uzalendo peke yake.

Na kuhesabu muziki wa kilabu kunawezekana. Uholanzi, chama cha Buma/Stemra kimetumia huduma ya DJ Monitor, ambayo husikiliza kinachopigwa kwenye tamasha au kilabu na kukitambua wimbo kwa wimbo, hata ukiwa umechanganywa na mwingine. Umoja wa muziki wa kielektroniki duniani, AFEM, umefanya kampeni ya miaka mingi kuhusu jambo hilihili. Hapa petu si lazima tuanze na mitambo ya Ulaya. Mashine nyingi wanazotumia madijei wa kilabu huhifadhi historia ya nyimbo zilizopigwa usiku ule, na inaweza kutolewa kwenye flashi. Chukua wikendi ya Safari Rally. Tangu mbio hizo ziliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha hufurika kiasi kwamba mtu hulala garini, na muziki haukatiki mpaka kunapambazuka. Yeyote anayepewa leseni ya tamasha la wikendi hiyo akidaiwa orodha za madijei wake kabla ya kuondoa jukwaa, mtakuwa na ushahidi wa saa nyingi za muziki ambao leo unayeyuka hewani.

Ombi langu la kwanza ni kuhusu milango mitatu. Tayari mna Sajili ya Kitaifa ya Haki, ambako mtu husajili kazi yake mtandaoni. Ifanyeni iwe mlango mmoja. Prodyuza aandike mara moja kwamba yeye ndiye mtunzi, mpigaji na mwenye rekodi, na chama chochote chenye leseni yenu kilazimike kuchukua taarifa hizo huko, badala ya kumrudisha mwanzo. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji sharti katika leseni, na masharti ya leseni mnayaandika ninyi.

La pili ni kwamba kila chama kitangaze, kaunti kwa kaunti, kimekusanya kiasi gani, kutoka kwa matatu, baa, hoteli na matamasha, na kiasi gani kimewarudia wenye kazi wa kaunti hiyo. Nataka niweze kufungua ukurasa mmoja nione Nakuru imetoa nini na imepata nini. Sitarajii usawa, maana tunasikiliza muziki wa Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wenyewe wana haki ya kulipwa. Nataka tarakimu.

Hapa ndipo namgeukia Mheshimiwa Gavana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti burudani za umma, na vilevile udhibiti wa kelele. Upande wa kelele tunauona ukifanya kazi. Kwa burudani, kaunti inajua kila baa na kila ukumbi kwa sababu inatoa vibali vya biashara. Daftari hilo likikutanishwa na la Bodi ya Hakimiliki, ukwepaji wa leseni za muziki utapungua bila askari hata mmoja kubomoa spika ya mtu. Na pale kaunti yenyewe inapoandaa sherehe, iwalipe madijei na maprodyuza wa hapa kwa pesa na kwa maandishi. Wasanii wa mji huu wameahidiwa kujulikana mara nyingi mno, na kujulikana hakukubaliwi na mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, kila leseni mnayotoa kwa chama cha kukusanya mirabaha ina muda wake na masharti yake. Naomba haya mawili, usajili wa mlango mmoja na hesabu za kila kaunti, yawe katika masharti ya awamu ijayo. Kama kuna kizuizi cha kisheria, kitajeni hadharani ili tukipeleke kwa wabunge wetu. Na mkikubali kuja Nakuru kutusikiliza, tutawakaribisha Nakuru Players Theatre, na tutakuja na orodha za kazi zetu, zenye majina na tarehe.

Wako,
Prodyuza na mwenye lebo ndogo,
Nakuru.