Nani aliuza, nani aliuzisha?

Hapa Lubumbashi, mama wa soko akisema "niliuza bunga", mara nyingi ana maana kwamba alinunua unga. Akitaka kusema kwamba alimpa mteja na kupokea falanga, atasema "niliuzisha". Sisi wanafunzi wa lugha tunalijua jambo hili: hutajwa katika somo la lahaja, watu hucheka kidogo, kisha somo linaendelea. Nadhani sasa limekuwa zito kuliko kicheko hicho, na sababu ni masomo ya akili bandia kwa biashara, ambayo vijana na wafanyabiashara wanayafuata kwa njia ya intaneti. (Jina lenyewe bado linagombaniwa: akili bandia, akili mnemba, akili unde. Nachukua la kwanza kwa kuwa ndilo ninalolisikia zaidi.)

Masomo hayo nayaona kwa karibu. Yaya wangu ana duka la vyakula na amejiandikisha katika chuo kimoja cha mtandaoni. Jioni tunaangalia video pamoja, mega zikiwepo. Anafundishwa kuandika maagizo kwa programu, kupanga orodha ya bidhaa, kujibu wateja, kukadiria mauzo ya mwezi ujao. Si upuuzi hata kidogo. Mwalimu anaeleza vizuri, kwa Kifaransa, na mfano wake ni duka la viatu ambalo wateja huandika maoni yao kwa sentensi kamili. Wateja wa yaya huacha ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: nusu Kiswahili, robo Kifaransa, robo kelele za barabara.

Zoezi moja lilitaka kila mwanafunzi aieleze programu siku yake ya biashara, nayo itengeneze hesabu. Tuliandika kama yaya anavyosema: "Niliuza bunga meka kumi, niliuzisha saba." Yaani alinunua kumi, akauza saba, zikabaki tatu. Programu ilijibu kwa Kifaransa safi kwamba ameuza meka kumi na saba, tena ikampongeza. Yaya akasema, "Hii mashini itakula biashara yangu."

Programu haikufanya uchawi wala uzembe. Imejifunza kutokana na maandishi mengi ikitafuta neno gani hufuata neno gani, na Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni cha Tanzania na Kenya. Huko kuuza ni kuuza. Imefuata walio wengi. Hatari ni kwamba kosa la namna hii halionekani. Sentensi iliyotoka ni nzuri, sarufi imetimia, tarakimu zimepangwa kwenye jedwali. Mwalimu aliye mbali akiisahihisha kazi hiyo atatoa alama kamili. Chukua pia neno "matabishi": kwa muuzaji linaweza kuwa bakshishi au nyongeza ya kumfurahisha mteja, na kwa mtu mwingine, mahali pengine, ni rushwa. Katika daftari la biashara hayo si mambo ya kuchanganya.

Wenzangu wawili niliowaeleza hili walinijibu haraka: basi mama aseme "kununua", kama vitabu vinavyosema. Jibu hilo linanikera, hasa likitoka kwa mwanaisimu. Katika Kiswahili sanifu anayepokea mkopo anakopa, anayeutoa anakopesha. Anayeingia nyumbani anapanga, mwenye nyumba anapangisha. Kuuza na kuuzisha kwa hapa kwetu kumefuata njia ileile ya kiambishi cha kusababisha: kumuuzisha mtu ni kumfanya anunue. Mfumo huo umenyooka, na bado mwanafunzi akiuandika katika insha, kalamu nyekundu inapita juu yake. Walimu wetu wanisamehe, lakini hatuwezi kuieleza lahaja saa nne kwa heshima na kuifuta saa nane kama uchafu, kisha tukashangaa kwamba programu za kigeni haziijui. Nani angeziandikia?

Wengine wanaona dawa ni tafsiri. Chuo Kikuu cha Helsinki kilianzisha mwaka 2018 somo la bure la akili bandia, Elements of AI, na mwaka 2019 Finland ikaahidi kulifikisha katika lugha zote rasmi za Umoja wa Ulaya. Kiestonia, chenye wasemaji wapatao milioni moja, kilipata chake. Nakubali kwamba somo kama hilo kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, lingemsaidia yaya. Ila lingeweza kutafsiriwa vizuri kabisa na bado likamwachia hesabu ya meka kumi na saba. Tafsiri ingefundisha maneno ya mwalimu. Maneno ya mteja yangebaki nje ya darasa.

Ninalotaka ni dogo, na linawezekana hapa chuoni. Anayefundisha akili bandia kwa biashara atoe zoezi moja la lazima: mwanafunzi akusanye sentensi hamsini za wateja wake kwa ruhusa yao, aondoe majina na namba za simu, aandike maana ya kila moja, kisha aone programu inasemaje. Ahesabu makosa yote, na kando yake ahesabu yale yanayogeuza upande wa pesa. Asahihishwe na mtu anayeijua lahaja, na watu hao wako kwetu, wengi wakingoja mada ya kumalizia masomo.

Mimi nimeanza na sentensi za duka la yaya. Nimefika thelathini na moja. Natafuta mwenzangu wa kitivo cha uchumi, na mwalimu mmoja atakayekubali kuyasoma majibu bila kalamu nyekundu.