Andikeni na jina la mchongaji

Sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyoko KICC, Nairobi, ni kazi ya Mwingereza, James Butler. Ile ya Dedan Kimathi, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, iliyozinduliwa mwaka 2007, ni kazi ya Mkenya, Kevin Oduor. Muulize mpita njia zimetengenezwa na nani. Atakujibu, "Serikali."

Mimi ni mzaliwa wa Tabaka, Kisii, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Nikitoka shule nilikaa mbele ya beseni la maji na msasa, nikisugua vinyago vya viboko alivyochonga baba hadi vidole vikachubuka. Broka alivinunua kwa dazeni, vyenye ufa akavikataa, na hela ikaishia kwenye karo na unga.

Nilipopata kazi ya kwanza ya sanamu ya barabarani, niligundua kuwa kuchonga ndiyo sehemu rahisi. Jiwe lilipwe machimboni, lori likodiwe, vijana wa kulipakia wale chakula cha mchana, na malipo yangu yaje baada ya uzinduzi. Nilikopa kwenye chama, kwa riba. Siku ilipofika kitambaa kilivutwa, makofi yakapigwa, na kibao kikaonyesha jina la mheshimiwa na tarehe. Langu halikuwapo. Salio lilikuja mwaka uliofuata.

Wenye mkono mzuri kuliko wangu hata hapo hawakufika. Zabuni inataka taarifa za benki, cheti cha ushuru na ushahidi wa kazi kubwa uliyowahi kufanya. Mtoto wa mchimba mawe atautoa wapi? Mwenye kampuni anachukua kazi, kisha anamtafuta fundi yule yule kwa ujira wa siku.

Uwezo upo, tena wa siku nyingi. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Kisii, ana sanamu ya ndege katika makao makuu ya UNESCO, Paris.

Waheshimiwa magavana, nawaomba mambo mawili tu. Toeni malipo ya awali yatakayotosha jiwe na lori. Na kwenye kibao, jina la mchongaji liwepo. Herufi zake tutazichonga wenyewe, bila malipo.