Kabla ya rimu na spika, nunua shahidi

Ukinunua gari lako la kwanza, hata kama ni Vitz ya mkopo, najua utakachofanya wiki ya kwanza. Utaweka tinti. Utatafuta rimu. Utafunga spika za besi kwenye buti ili mtaa mzima ujue umefika. Mimi nilifanya hivyo hivyo na muziki sijutii. Ninachojutia ni kwamba gari lilikuwa na kila kitu isipokuwa shahidi.

Ilikuwa jioni, Outering Road, jamu ya kawaida. Mathree ilinipita kushoto, kwenye vumbi kando ya barabara, ikajichomeka mbele yangu na kunikwaruza kuanzia taa hadi mlango. Kabla sijatoka nje, makanga alikuwa ameshawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyewaingilia. Abiria walikuwa na haraka ya kufika nyumbani, dereva alikuwa na sauti kubwa kunishinda, na mimi nilikuwa na maneno matupu. Nilitoa elfu kumi na mbili pale pale ili mambo yaishe. Fundi wa rangi naye akadai zake.

Ndiyo maana nasema: kama una doo ya spika, una doo ya kamera ya dashibodi. Na kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, anza na kamera. Bima yako huenda ni ile ya kulipa watu wengine pekee, kwa hivyo ukilaumiwa bure, gari lako unalitengeneza mwenyewe.

Lakini ngoja, usikimbie Luthuli Avenue sasa hivi. Mimi nilikimbia, nikachukua ya bei ya chini kabisa, nikaibandika kwenye kioo na kuisahau. Miezi michache baadaye boda iliniparamia kwenye makutano. Nikachomoa kadi kwa madaha. Nilipoifungua kwenye laptopu, ajali haikuwemo. Kadi ilikuwa imejaa video za matuta.

Kosa lilikuwa langu. Kamera hizi hurekodi vipande vifupi, na kadi ikijaa zinafuta vya zamani ili kupata nafasi. Ila zina kihisi cha mtikisiko: gari likigongwa, kipande kile kinafungwa kisifutwe. Sasa fikiria barabara zetu. Kila tuta na kila shimo, kamera inadhani umegongwa. Inafunga, inafunga, hadi nafasi inaisha. Ingia kwenye mipangilio, weka kihisi hicho kiwango cha chini kabisa. Dakika moja tu, na hakuna atakayekuambia dukani.

Ukienda kununua, jiulize swali moja: je, huyu shahidi ataweza kusoma namba ya gari? Usibabaishwe na 4K iliyoandikwa kwenye boksi la bei ya kutupa. Nyingine hupiga picha ndogo kisha zikaivuta iwe kubwa, na picha iliyovutwa haiongezi hata herufi moja. Kamera ya 1080p ya kweli, yenye fremu 30 kwa sekunde, inatosha. Mwambie muuzaji aiwashe, rekodi magari yanayopita nje, kisha tazama video hiyo kwenye laptopu, si kwenye kile kiskrini kidogo. Halafu tafuta mtandaoni video za usiku za modeli hiyo hiyo. Mchana kila kamera ni nzuri.

Jambo la pili ni joto. Gari likishinda juani, kioo cha mbele kinageuka jiko. Kamera yenye betri ndani inaweza kuvimba. Tafuta inayotumia kapasita badala ya betri, hasa ukiwa Mombasa au Kisumu.

La tatu ni kadi, na hapa ndipo wengi hubana senti wakapoteza shilingi. Kamera huandika na kufuta mchana kutwa, kwa hivyo kadi ya kawaida huchoka haraka. Chukua yenye neno Endurance kwenye pakiti. Kadi feki nazo ni nyingi mjini, kwa hivyo ijaribu kwanza kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huonyesha ukubwa wake halisi.

GPS, Wi-Fi na kurekodi gari likiwa limeegeshwa ni vitu vizuri, lakini kwa bajeti yetu viache. Hicho cha mwisho kinahitaji waya maalumu, na fundi akikosea utaamka asubuhi betri ya gari imekufa.

Ukishafika nyumbani, rekebisha tarehe na saa. Video inayosema ajali ya leo ilitokea mwaka 2019 itakutia aibu mbele ya polisi. Ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, isikuzibe macho, na ufute vumbi kwenye kioo cha gari. Mara moja kwa mwezi, fomati kadi.

Siku ya ajali yenyewe, ukishahakikisha watu wako salama, hifadhi kile kipande mara moja. Kadi ya GB 64 kwa 1080p hubeba takriban saa nane hadi kumi. Dereva wa teksi anayepiga zamu ya saa kumi na mbili anaweza kujifutia ushahidi kabla hajalala. Nakili video, weka ile asili salama, na usimkabidhi mtu kadi barabarani. Ripoti kwa polisi kabla ya saa 24 kwisha, kama sheria ya trafiki inavyotaka, na uchukue abstrakti. Mahakama zetu hupokea ushahidi wa kidijitali, ila huenda ukatakiwa kutoa cheti kinachoeleza rekodi ilivyopatikana. Kwa hivyo usiikate wala kuipamba kwa muziki.

Na tafadhali, usiikimbize TikTok. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na sura ya abiria wako si kitoweo cha kutafutia likes. Kama kamera inarekodi ndani ya gari, waambie abiria au weka kibandiko wanachoweza kukiona. Kama sauti huihitaji, izime.

Kuna rafiki yangu aliyekataa katakata kununua. Alisema, "Hiyo kitu itanishtaki mimi mwenyewe." Ni kweli, itakushtaki. Ukikata taa nyekundu, itaona. Ukishika simu ukaacha msitari wako, itaona pia. Mimi tangu niifunge vizuri nimepunguza mwendo, na sioni aibu kukiri. Kama unaogopa shahidi wako mwenyewe, basi tatizo halipo kwenye bei ya kamera.

Rimu zitapendeza hata mwezi ujao. Yule makanga wa Outering unaweza kukutana naye leo jioni.