Jina juu ya mpira



Wengi kati yetu tuna watoto na ndugu wanaokaa Marekani. Huko wanacheza besiboli, mchezo wa fimbo na mpira mdogo mweupe wa ngozi. Kuna familia zinazoweka mpira kama huo ndani ya kisanduku cha kioo. Hauchezewi tena, kwa sababu mtu mwenye sifa ametia mkono juu yake.

Mmoja wa watu hao ni Tommy Lasorda, aliyezaliwa Norristown, Pennsylvania, mwaka 1927. Aliongoza timu ya Los Angeles Dodgers kama kocha mkuu tangu 1976 mpaka 1996, akashinda nayo ubingwa mwaka 1981 na tena 1988. Mwaka 2000 aliongoza timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Sydney, wakarudi na medali ya dhahabu. Alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 93. Alitia mkono juu ya mipira mingi sana, na kwa hiyo mpira wenye jina lake si wa matajiri peke yao.

Mpira wa timu nzima una heshima yake. Wachezaji wanaandika majina yao pande zote, lakini pale nyuzi za mshono zinapokaribiana wanaacha nafasi. Hiyo ni ya kocha, kama vile kwetu mtoto hakalii kiti cha mkubwa. Wanaandika kwa biki ya buluu, maana wino wa kalamu nzito unatawanyika katika ngozi. Halafu mpira unawekwa mbali na jua, lisije likafuta majina.

Lakini penye pesa, wadanganyifu hawakosi. Katika miaka ya 1990 mchezaji Tony Gwynn wa San Diego aliona vitu vinauzwa na jina lake, na mkono si wake. Polisi wa FBI walipofuata mambo hayo walikuta kundi kubwa la watu waliokuwa wakiiga mikono ya wengine. Walikuta hata mipira ya besiboli yenye jina la Mama Teresa wa Kalkuta! Tangu 2001 ligi kuu iliweka mashahidi: mtu anakaa pale pale, anaona kwa macho mkono ukiandika, kisha anabandika karatasi ndogo yenye namba.

Fikirini mjane ambaye mume wake alimwachia sanduku la mipira, akisema, “Hii ndiyo karo ya watoto.” Anaipeleka kwa mnunuzi, naye anauliza: nani aliona ikiandikwa? Mama hana jibu. Hata kama majina ni ya kweli, anarudi nyumbani na sanduku lake.

Wamama, sisi hatuna mipira, tuna kaye ya likelemba. Mara ngapi tunasikia, “Dada, nitilie mkono, mimi niko shambani”? Tunamtilia kwa moyo mzuri. Siku akiugua, au akifariki, watoto wake wanakuja kuuliza pesa za mama yao, na katika kaye wanakuta mkono wa mtu mwingine. Hapo kunazaliwa ugomvi kati ya familia zilizokuwa zikipendana.

Kwa hiyo tupatane hivi. Kila mama atie mkono yeye mwenyewe. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Tarehe na hesabu ya pesa viandikwe kwa biki, si kwa kalamu ya risasi. Mama wawili washuhudie na kuandika majina yao pembeni. Kaye ikae mahali pakavu, mbali na watoto na panya. Asiyefika, nafasi yake ibaki wazi mpaka aje mwenyewe.

Kwenye mkutano ujao tufungue kaye zetu pamoja, tuangalie ukurasa kwa ukurasa.