Ukubwa wa Kazi Si Koti na Kiti

Siku hizi tunasikia neno moja kila mahali: uongozi wa kisasa. Wanalisema katika biro, katika vyama vya ushirika, hata katika mashule na dispensari. Neno ni jema. Lakini tukiwauliza maana yake, wengi wanatuonyesha koti, tai, motokari yenye vioo vyeusi na kiti kinachozunguka. Wanafundishana namna ya kuingia chumbani, namna ya kupokea wageni, namna ya kusema maneno asiyoyafahamu karani wao. Sisi tunasema: huo si uongozi, ni maonyesho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hatusemi kwamba mkubwa avae matambara. Usafi ni heshima kwa watu anaowaongoza. Lakini tai haimlipi mtu mshahara.

Tumwangalie yule ambaye wenye elimu hiyo wanamhesabu kuwa mmoja wa baba zao: Henri Fayol, Mfaransa, injinia wa migodi ya makaa huko Commentry. Mwaka 1861, alipokuwa bado kijana, farasi mmoja wa kazi alivunjika mguu ndani ya mgodi. Fayol akaandika karatasi ya kuomba farasi mwingine. Mtunza zizi akakataa, kwa sababu karatasi haikuwa na sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwapo, wala hakuna aliyewekwa mahali pake. Fayol akashika fundisho: mwenye amri akiondoka, lazima awepo wa kushika nafasi yake. Mwaka 1888 yeye mwenyewe alipewa kuongoza kampuni hiyo, iliyokuwa karibu kufilisika, akaisimamisha tena. Mwaka 1916 akatoa maandiko yake, akataja kazi tano za mkubwa: kuona mbele, kupanga, kuamuru, kuunganisha na kukagua. Koti halimo.

Je, ni wakubwa wangapi kwetu wanaokwenda safari juma zima na sahihi yao mfukoni, dawa zikikaa katika stoo na wagonjwa wakingoja mlangoni? Wanajiona watu wa lazima. Kweli wao ndio kizuizi.

Wengine wanashika usasa kwa upande mwingine: saa mkononi, kuhesabu kila hatua ya mfanya kazi. Mwalimu wao ni Frederick Taylor wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alisimulia habari za wabebaji wa chuma, ambao kila mmoja alizoea kubeba tani 12 na nusu kwa siku. Mmoja wao alifikishwa tani 47 na nusu. Na mshahara? Ulitoka dola 1.15 ukafika 1.85. Mzigo uliongezeka karibu mara nne, malipo hata mara mbili hayakufika. Na Taylor walau aliongeza! Wanaomfuata kwetu wanachukua saa yake, wanaziacha dola zake.

Basi, ndugu, tusidanganyike. Tumpime mkubwa kwa maswali haya. Mshahara unalipwa siku iliyopangwa? Hesabu zinaonyeshwa kwa wenye haki ya kuziona? Mfanya kazi akiona kosa, anaweza kulisema bila hofu? Mkubwa akiwa mbali, kazi inaendelea? Jibu likiwa ndiyo, na aitwe wa kisasa, hata akija kwa baiskeli. Likiwa hapana, motokari yake isitufumbe macho.