Undugu Sio Hati ya Shamba

Kuna sentensi moja imenichosha. Utaipata kila mahali vita vya Ukraine vinapotajwa: "Hao ni watu wamoja bana, huo ni ugomvi wa ndugu, wacheni wamalizane wenyewe." Inaandikwa na wasee wa Nairobi, wa Kisumu, wa Mombasa, kwa ule utulivu wa mtu anayedhani amefunga mjadala. Ametuma, ameweka kikatuni cha kucheka, ameenda zake.

Leo tuifungue hiyo sentensi tuone imebeba nini. Shida yake ni kwamba nusu ni ukweli, na hiyo nusu ya ukweli ndiyo inasaidia ile nusu nyingine kupita bila kuulizwa maswali.

Tuanze na ukweli. Waslavi ni ndugu, na sio undugu wa kubandika. Ni watu karibu milioni 300, kutoka Czech na Poland hadi Vladivostok kwenye bahari ya Pasifiki, na chini kusini hadi Bulgaria. Lugha zao zinafanana venye zetu za Kibantu zinafanana. Mkikuyu anasema mũndũ, Mganda omuntu, Mzulu umuntu, wewe unasema mtu. Sasa cheki wao. Ndugu wa kiume ni brat Moscow, brat Kyiv, brat Warsaw, brat Belgrade, na Prague wanaongeza herufi moja tu, bratr. Maji ni voda karibu kote. Mkate ni khleb, khlib, chleb, hleb, chagua mwenyewe. Wataalamu wengi wanasema hata jina Waslavi linatokana na slovo, yaani neno. Ni wale wanaosikizana. Na Mjerumani, jirani ambaye hawakumuelewa akiongea, wakampa jina linalotokana na neno la bubu. Majirani ni majirani tu kila mahali.

Kuna pia historia ya pamoja. Mwaka 863 ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Cyril na Methodius, walitumwa Moravia, sehemu ambayo leo iko Czech. Ndio walioanzisha alfabeti ya kwanza ya kuandikia Kislavi. Hadi leo Bulgaria wanapumzika kazi tarehe 24 Mei kwa heshima yao, na Czech na Slovakia tarehe 5 Julai. Mwaka 1834 Mslovakia mmoja, Samo Tomášik, akiwa Prague, aliandika wimbo wa kuwatia moyo watu wake, akatumia mahadhi ya wimbo wa Wapolandi. Mahadhi hayo ndiyo wimbo wa taifa wa Poland leo. Na ule wa Tomášik ukageuzwa kuwa wa Waslavi wote, ukaja kuwa wimbo wa taifa wa Yugoslavia. Kwa hivyo Poland ikicheza na Yugoslavia, uwanja ulikuwa unapigiwa karibu muziki uleule mara mbili, mmoja tu ukienda pole pole.

Sawa. Undugu upo, hakuna mtu anabisha. Swali langu ni moja: huo undugu unampa nani haki gani?

Kwa hili sisi Wakenya hatuhitaji profesa. Kila ukoo una yule kaka mkubwa ambaye mzee akizikwa Jumamosi, Jumatatu asubuhi yeye ashafika kwa wakili na hati ya shamba chini ya kwapa. Wadogo wakiuliza, anashangaa kabisa, karibu alie: "Kwani mnataka kugawanya familia? Si sisi ni kitu kimoja?" Na "kitu kimoja" maana yake ni yeye.

Sasa soma historia ya Waslavi ukiwa na huyo kaka akilini, utaona kitu cha ajabu. Watu walioamini umoja wa Waslavi kwa moyo safi, mara kwa mara waliumizwa na yule aliyejiita kaka mkubwa.

Juraj Križanić alikuwa padri Mkroatia. Mwaka 1659 alifunga safari hadi Moscow akiwa na ndoto ya kuwaunganisha Waslavi. Mwaka 1661 Moscow ikampeleka Tobolsk, Siberia, akakaa huko miaka 15. Na jamaa hakuacha ndoto. Akiwa huko huko kifungoni aliandika sarufi ya lugha moja ambayo Waslavi wote wangeielewa.

Taras Shevchenko, mshairi mkuu wa Ukraine, alizaliwa mtumwa wa shamba la tajiri mwaka 1814. Alihusishwa na kikundi cha siri cha Kyiv kilichojiita Udugu wa Watakatifu Cyril na Methodius. Unajua kikundi hicho kilitaka nini? Shirikisho la mataifa yote ya Kislavi, kila taifa huru, kila taifa sawa na mwenzake. Umoja wa Waslavi kabisa, ule wa ukweli. Mwaka 1847 polisi wa mfalme wa Urusi waliwakamata. Shevchenko akapelekwa jeshini kwa lazima, mbali na kwao, na mfalme Nicholas wa Kwanza akaongeza amri kwamba asiandike wala asichore. Miaka 10. Kwa sababu kama Waslavi ni ndugu walio sawa, basi hakuna kaka mkubwa, na hilo ndilo halikuvumilika.

Karel Havlíček Borovský, mwanahabari wa Czech, aliipenda Urusi kutoka mbali. Akaenda Moscow mwaka 1843 kufundisha watoto nyumbani kwa msomi mmoja. Aliporudi alikuwa amepona hayo mapenzi. Mwaka 1846 aliandika waziwazi kwamba yeye ni Mcheki kwanza, na kwamba Warusi wanaita kila kitu chao cha Kislavi ili baadaye waweze kuita kila kitu cha Kislavi chao. Huo mchezo aliuona kitambo, na bado unatuchezesha.

Na ile sentensi ya "wacheni wamalizane" pia sio mpya. Mwaka 1831 Wapolandi walikuwa wameinuka kudai uhuru wao kutoka Urusi. Alexander Pushkin, mshairi mkubwa wa Kirusi ambaye babu wa mama yake alitoka Afrika, aliandika shairi kuwaambia Wafaransa na Ulaya nzima wasiingilie, kwamba hayo ni mambo ya Waslavi wenyewe kwa wenyewe. Uasi ukazimwa kwa damu. Kwa hivyo ukiandika hiyo sentensi sai, usidhani ni wazo lako. Ni propaganda ina karibu miaka 200, na wakati huo pia ilikuwa inamsaidia mwenye mizinga.

Halafu kuna hili la lugha, ambalo kwangu ndilo linamaliza kesi. Mwaka 1863 waziri wa mambo ya ndani wa Urusi, Pyotr Valuev, alitoa waraka kwamba hakuna lugha tofauti ya Kiukraine na haiwezi kuwepo. Waraka huohuo ukazuia vitabu vya dini na vya shule kwa lugha hiyo. Mwaka 1876 amri nyingine ikabana zaidi, hata vitabu vya Kiukraine kuingizwa kutoka nje ikawa marufuku. Hebu fikiria hapo polepole. Nani hupiga marufuku kitu ambacho hakipo? Na lugha yenyewe, kwa msamiati, iko karibu zaidi na Kibelarus na Kipolandi kuliko na Kirusi.

Twende 1968. Wacheki na Waslovakia walijaribu kulegeza ukomunisti kidogo, magazeti yakaanza kupumua. Usiku wa tarehe 20 Agosti vifaru vya Urusi ya Kisovieti vikaingia, pamoja na majeshi ya Poland, Bulgaria na Hungary. Jina rasmi la uvamizi huo lilikuwa msaada wa kindugu. Ndiyo maana huko walikuwa na utani wao: Warusi ni marafiki zetu ama ni ndugu zetu? Ndugu, kwa sababu rafiki unachagua mwenyewe.

Na Julai 2021 Vladimir Putin akachapisha makala ndefu kuhusu umoja wa kihistoria wa Warusi na Waukraine, akisema ni watu wamoja. Miezi saba baadaye, 24 Februari 2022, makombora yakaanza kuanguka juu ya hao "watu wamoja". Waukraine wenyewe walikuwa washaulizwa tarehe 1 Desemba 1991. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema wanataka nchi yao. Hata Crimea, wengi walisema ndio. Kwa nini jibu la mamilioni lipimwe sawa na makala ya mtu mmoja?

Kabla mtu aseme nawachukia Warusi, sio wao peke yao wamecheza huu mchezo. Yugoslavia ilikuwa na kauli mbiu ya Udugu na Umoja. Hata barabara kuu iliyounganisha Ljubljana, Zagreb, Belgrade na Skopje iliitwa hivyo. Baada ya 1991, wanasiasa waliotaka Serbia ndio iwe kaka mkubwa, na wengine waliotaka vipande vyao, waliigeuza nchi kuwa kaburi. Julai 1995, Srebrenica, zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 Waislamu wa Bosnia waliuawa na wanajeshi wa Waserbia wa Bosnia. Wauaji na waliouawa waliongea lugha moja. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Kama lugha moja ingetosha kuleta amani, hapo ndipo ingefaa kutosha.

Najua mtanijibu nini. Wa kwanza atasema, "Lakini hao Waukraine waliwabagua wanafunzi wetu mpakani 2022." Ni kweli, wanafunzi Waafrika walisukumwa kando kwenye treni na foleni, na Umoja wa Afrika ulilaani. Ilikuwa aibu. Lakini mtu kukukosea sio sababu ya kusema jirani yake achukue nyumba yake. Wa pili atasema, "Urusi ilitusaidia wakati wa ukoloni." Msaada huo ulitoka kwa Muungano wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa ndani ya huo muungano. Waafrika walisoma Kyiv na Kharkiv vilevile walivyosoma Moscow. Kaka mkubwa amechukua hata sifa za wema wa familia nzima, na sisi tukampigia makofi.

Kuhusu haya mambo, Kenya ilishasema kitu cha maana kuliko hizo sentensi zenu. Februari 2022, siku chache kabla ya uvamizi, balozi wetu Martin Kimani alisimama katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Akakumbusha dunia kwamba mipaka yetu ilichorwa na wakoloni walio mbali, na ng'ambo ya kila mpaka tuna ndugu zetu. Wamaasai wako Kenya na Tanzania. Wateso wako Kenya na Uganda. Wasomali wako nchi kadhaa. Kama kila mtu angefuata damu yake kwa bunduki, tungekuwa bado tunazikana. Hiyo hoja haikutoka Ulaya wala Marekani, ilitoka kwetu. Inauma kuona kijana wa hapa anaitupa ili arudie ya Pushkin.

Na kama kweli ni ugomvi wa ndugu usiotuhusu, mbona vijana wetu wanatafutwa? Mwaka 2025 serikali yetu ilikiri kwamba kuna Wakenya waliojikuta kwenye vita hivyo upande wa Urusi, baadhi yao wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida kabisa. Ndugu wa damu wanamalizana, lakini wa kufa ni kijana wa mtaani kwako aliyekuwa anatafuta kibarua. Hapo "wacheni wamalizane" imekuwa ya nani?

Sisemi Waslavi waache kupendana. Nasema upendo wa aina hiyo upo, na unaonekana pale ambapo hakuna anayemiliki mwenzake. Tarehe 1 Januari 1993 Wacheki na Waslovakia waligawana nchi bila risasi hata moja. Leo vijana wengi wa Slovakia wanasoma vyuo vya Czech, na ukiongea Kislovakia Prague watu wanakusikia tu. Walipoacha kuwa kitu kimoja, wakabaki ndugu. Poland na Ukraine wana jeraha kubwa: mwaka 1943, huko Volhynia, wapiganaji wa Kiukraine waliua makumi ya maelfu ya Wapolandi. Hadi leo wanabishana kuhusu hayo makaburi. Lakini 2022, mamilioni ya Waukraine walipokimbia kuvuka mpaka, Wapolandi wa kawaida walienda stesheni na magari yao kuwachukua, wakawapa vyumba nyumbani kwao. Hakuna aliyewaita watu wamoja. Waliwaita ndani, wakawapa chakula.

Na kuna watu wa rika letu mtandaoni wanaojifunza na kuiendeleza lugha ya pamoja ya Waslavi, ile ndoto ya Križanić, bila mfalme na bila jeshi. Ishatumika hata kwenye sinema, The Painted Bird ya 2019. Mbulgaria anaandika, Mpolandi anaelewa, kila mtu anarudi kwake usiku na nchi yake iko pale pale.

Kwa hivyo ukiona tena mtu ameandika "hao ni watu wamoja", muulize swali moja tu: nani amesema hivyo, mkubwa ama mdogo? Mdogo akisema, huo unaweza kuwa undugu. Mkubwa akisema, angalia kwapani kwake kama kuna hati ya shamba.