Wazazi, Mpira Tuwaachie Watoto

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wengi wetu tukitaja malezi huwaza nyumba, chuo na skuli. Leo, ndugu wasomaji, nataka tutazame pahala pengine, nako ni kandokando ya uwanja wa kandanda.

Aendaye Tononoka au Makadara, hapa Mombasa, baada ya swala ya alasiri vijana wetu wanaposhindana, hakosi kumsikia mzazi aliyesahau utu uzima wake. Mwanawe akikosa bao, humwita mjinga mbele ya kadamnasi. Refa akipuliza kipenga, hutukanwa yeye na mamake. Kijana wa upande wa pili akianguka, huchekwa.

Jee, makelele hayo yaleta faida gani? Sheria za kandanda zasema wazi kwamba uamuzi wa refa juu ya jambo lililotokea mchezoni ni wa mwisho. Matusi hayarejeshi bao lililokataliwa. Tena mtoto ana kocha wake. Kocha amwambia abaki nyuma, babake amwambia aende mbele. Masikini huyo amtii nani? Husimama katikati, mpira ukampita.

Wala tusidhani kuwa mambo haya huishia mdomoni. Mwezi wa Disemba 2012, katika mji wa Almere, Uholanzi, mzazi aliyejitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana, mwanawe akiwa mmoja wa wachezaji, alipigwa baada ya mchezo, na kesho yake akafariki dunia. Mwaka wa 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita pamoja na baba wa mchezaji mmoja. Baba huyo alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

Sisi tuliosoma chuoni twaujua wasia wa Luqman kwa mwanawe, kwamba ateremshe sauti yake, kwani katika sauti zote ya punda ndiyo ichukizayo zaidi. Huo ni wasia wa baba kwa mwana. Ikiwa leo mwana ndiye anyamazaye na baba ndiye apigaye kelele, basi wasia tumeupindua juu chini.

Yatupasayo si mengi. Tupige makofi kwa mchezo mzuri, uwe wa wetu au wa wenzetu. Tusivuke mstari kuingia kiwanjani. Ufundi tumwachie kocha, na mwenye lalamiko amwone faraghani mchezo ukisha. Mtoto akishindwa, tumpe maji, tumshike mkono, twende naye nyumbani. Makosa yake yatazungumzwa kesho, roho zikiwa zimetulia.

Kikombe huwaniwa na wengi kikachukuliwa na timu moja. Adabu kila mtoto aweza kurudi nayo nyumbani, madhali ameiona kwa mzazi wake.